Siku Brighton Alipoungua

Kasulu, 9 Machi 2015

Mdogo wangu Felisiani,

Kuna jambo nimekuficha tangu mwaka juzi, nalo linamhusu binti yako Esteri. Mahindi yetu yamebeba vizuri. Miguu yangu imevimba tena, na siku hizi daktari anazungumza na shemeji yako Yusta tu, si nami.

Unaikumbuka nyumba yetu ya ng'ambo ya barabara, tulimolea watoto wa watumishi wazazi wao wakiwa kazini, Esteri akitusaidia. Kwa kuwa sisi hatukuishi humo, aliyetoka alimkabidhi mwenzake watoto kwa kuwahesabu. Siku Brighton, mtoto wa nesi, alipoangukia sufuria ya uji, Yusta alifoka, "Esteri, uliwaacha na nani?"

"Na baba mkubwa."

"Muongo huyu!" nikasema. Mwalimu mkuu mzima, niliona haya mbele ya yule nesi. Ukaja kumchukua binti yako, na nasikia mpaka leo humruhusu hata kumbeba mtoto wa dada yake.

Mpe barua hii aisome mbele ya ukoo. Esteri alinikabidhi watoto saba, tukawahesabu pamoja. Alipotoka tu, niliwaacha peke yao, nikavuka kwenda nyumbani kusikiliza redio.

Kaka yako,
Laurent