Kamba wa Leticia

Baba Leticia,

Maharage yapo jikoni, yamebaki chumvi tu. Ukimaliza, funga gesi. Mimi nimekwenda Pangani.

Wale kamba uliowasifu asubuhi niliwakuta kwenye friji, ndani ya kopo la siagi, nikawakaanga. Kumbe ni chambo cha Leticia, cha mashindano ya kuvua ya vijana wa usharika! Sisi watu wa Lushoto tungejuaje? Hakulia. Aliitazama sahani yako, akabeba ndoano zake, akaondoka na wenzake bila chai, bila kuniaga. Moyo wangu hautulii. Mtoto ana hasira, na maji ya pale mtoni yanavuta.

Nimepata kamba wengine sokoni. ~~Usinifuate, nitarudi naye.~~ Panda gari la saa tano uje. Usisahau taulo na nguo zangu kavu.

Maana nilipotandika kitanda chake nilikuta fomu ya mashindano chini ya mto. Kila mtoto anavua na mzazi mmoja, asiyekuja na mzazi havui. Ameandika jina langu, mimi ninayeogopa hata maji ya beseni, halafu akaificha.

Mama Leticia