Chagua Picha Zenye Baiskeli

Dada yangu mpendwa,

Bado nasikia ukucha wa shangazi ukigonga kioo cha simu, ko, ko, ko, kwenye benchi la kliniki yetu ya macho. Watoto hawajambo? Mimi nipo tu.

Unakumbuka nilivyojisifu kwamba tovuti ya kliniki haiingiliki tena? Roboti za mtandaoni zilikuwa zikijaza fomu ya miadi kwa matangazo ya kipuuzi, nikaweka jaribio la kuthibitisha kwamba anayejaza ni mtu: chagua picha zenye baiskeli. Zikakoma. Sikuwaza kwamba wanaoomba miadi kwetu ni watu wasioona vizuri.

Shangazi alihangaika na picha hizo miezi kadhaa, mwishowe akaja mwenyewe. "Mwanangu," aliniambia mbele ya watu, "hili dude lenu linakataa kwamba mimi ni mtu. Nilete mashahidi?" Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka, dada, kama nisiyemjua. Daktari anasema angewahi, jicho la kushoto lingeokoka.

Jana niliziondoa picha zote bila kumwomba bosi ruhusa. Takataka zimerudi tele. Nazichambua kwa mkono, ujumbe mmoja mmoja, nikitafuta watu.

Ni mimi, mdogo wako.