Marashi ya Ndimu Niliyoyapika Mwaya

Mwaya, Jumanne, mwezi wa Machi 1913

Mvua tangu alfajiri, na joto halikupungua hata kidogo. Nguo za watu hazikauki. Kamba nne zimejaa barazani, mashuka kumi na mawili yananinginia yakinuka unyevu, nami leo sitaki kusemeshwa na mtu. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu shemeji yangu, mzee wa kanisa, anasoma Kinyakyusa tu, na mkono wake una mazoea ya kufunua visivyo vyake.

Yameharibika tena. Hii ni mara ya tatu.

Nianze na marashi yenyewe. Kwa miaka mitatu nilifua na kupiga pasi nyumbani kwa bibi mmoja wa Kidachi hapa Mwaya. Mezani pake palikuwa na chupa ndefu. Wao huyaita maji ya mji wao fulani. Mimi nayaita marashi ya ndimu. Kila leso yake nilikuwa nainyunyizia matone matatu kabla ya kuweka pasi, na moto ulipogusa kitambaa, harufu ilipanda usoni mwangu kama mtu aliyefungua dirisha.

Kwanza ni ndimu, ile kali ya ganda unapolitoboa kwa ukucha. Kisha linakuja jani la mchungwa, chungu kidogo. Kisha iliki na pilipili manga, na hapo pua inawashwa kidogo, unataka kupiga chafya lakini hupigi. Mwisho hakuna kitu, ila usafi tu, kama jiwe la mtoni.

Nilipima kwa kazi yangu. Ndimu hukaa muda wa kupiga pasi leso mbili. Iliki na pilipili hukaa shuka moja na nusu. Baada ya hapo imekwisha. Marashi ya pwani, ya waridi na udi, hukukalia kifuani mpaka jioni kama mgeni asiyeaga. Haya huaga mapema, na ndiyo maana unayataka tena.

Sasa niseme kwa nini nayataka mimi.

Binti yangu Atupele alikuwa akimhudumia bibi yule. Bibi alipoumwa kichwa, Atupele ndiye aliyempaka marashi kwenye paji la uso, kwa hiyo kila jioni mwanangu alirudi nyumbani na viganja vinavyonukia ndimu na iliki. Alikuwa akinifunika macho kwa nyuma na kuuliza, "Nani?" Kana kwamba Mwaya nzima kulikuwa na mwingine mwenye mikono ile.

Bibi alipohamia Dar es Salaam, alimchukua. Walipanda meli ya ziwani hapahapa, wazunguke kwa kusini hadi baharini. Alisema misimu miwili ya mvua tu. Huu ni wa nne. Atupele aliniachia kitambaa chake cha kichwa, nami nilikifungia sandukuni ili harufu isitoke. Imetoka. Tangu mwaka jana kinanuka sanduku.

Ndipo nikaanza kupika. Mimi si mtu wa kukaa nikilia. Nilitoka Ikombe, kwa wafinyanzi, na nguo moja mwilini na udongo hadi viwikoni. Leo nina pasi mbili za mkaa na nyumba ya vyumba viwili, na hakuna aliyenipa. Nikasema, kama Mdachi anaweza, nami naweza. Maganda ya ndimu kumi na mbili, yamemenywa membamba bila ile nyama nyeupe. Iliki saba. Pilipili manga punje tisa. Pombe kali ya ndizi kutoka kwa mtu nisiyeweza kumtaja mbele ya mzee wa kanisa. Mara mbili za kwanza niliweka kwenye chungu cha kupikia, ikanuka mboga. Safari hii nikachukua mtungi mdogo mpya wa mama yangu, nikaziba mdomo kwa nta, nikangoja siku saba.

Mama alifika leo asubuhi kwa mtumbwi kutoka Ikombe, na vyungu vyake vya kuuza. Alinikuta nimeushika mtungi ule. Kwa nje ulikuwa umelowa wote. Ndani ilibaki robo, na hiyo robo ilinuka iliki na udongo. Ndimu hakuna.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mtungi wa maji umeutia pombe! Mimi naufinyanga utoke jasho ndipo maji yapoe. Wewe ni binti wa nani, hebu nikumbushe?"

Nikasema ni marashi. Nikasema ni harufu ya Atupele.

Akaacha kucheka. "Mama Atupele," akasema, "mtoto ana masikio. Unapika harufu yake ya nini? Mwite."

Watu wote nimewaambia kwamba bibi Mdachi alininyang'anya mtoto. Nimelisema kanisani, nimelisema sokoni. Karatasi haina macho, basi niiandike na nusu nyingine.

Msimu wa pili ulipokwisha, Atupele aliniletea barua. Mistari mitano. Wa nne ulisema: Mama, bibi ameniuliza kama nataka kurudi, mimi nataka, wewe wasemaje? Nilimjibu siku ileile. Nilimwambia akae. Huku ni matope na mbu, jifunze kushona kwa mashine, nafasi haiji mara mbili.

Hakuandika tena.

Leo nimemwambia mama hayo, kwa mara ya kwanza. Sikupewa pole. Alichukua kitambaa akafuta vyungu vyake, cha kwanza, cha pili, kisha akasema, "Ndaga, asante kwa kuniambia. Basi aliyekunyang'anya mtoto nimemwona. Anapiga pasi vizuri sana."

Nikaenda kutafuta karatasi.

Mchana wote nimeandika. Barua ya kwanza ilikuwa kurasa mbili, yote kuhusu bibi na ahadi zake. Nimeichoma kwa mkaa wa pasi. Ya pili ilieleza sababu zangu, na sababu zangu zote zilikuwa nzuri, kwa hiyo nayo nimeichoma. Ya tatu ina mistari miwili. Wa kwanza unasema nilikosea. Wa pili unasema, rudi nyumbani, kama bado unataka.

Hilo neno "kama" nimelifuta mara mbili na kulirudisha mara mbili. Ana miaka kumi na tisa sasa. Huenda ana mashine yake, na mtu wake, na harufu nyingine mikononi. Ana haki ya kusema hapana, nami sina wa kumlaumu.

Meli iko bandarini, inaondoka asubuhi, na barua hii nitaipeleka mwenyewe. Inyeshe, isinyeshe, mashuka yatangoja.