Chale Utosini mwa Emmy

Kitale, Jumapili

Mdogo wangu Kizito,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko Bungoma? Mgongo umepoa? Sisi huku tunasukuma siku. Mvua ipo na mahindi yamefika kiunoni. Ningekupigia simu, lakini najijua: ningekata kabla sijasema.

Mwanao Emmy, tangu umlete kwangu, anazidi kudhoofika. Wiki hii ameshindwa kushika kikombe. Kila asubuhi ananiuliza mama yake anakuja lini, nami namdanganya.

Siku ile ya Nairobi hainitoki. Daktari Jelimo alitueleza kwamba dawa ya jeni ikitiwa kwenye damu haifiki ubongoni, ati ubongo una ukuta wake, na kwamba mawimbi ya altrasaundi yangeufungua kwa saa chache dawa ipenye. Wewe ulilia kwa furaha. Kisha mtoto akanyolewa, na chale tisa zikaonekana utosini. Daktari akasema makovu yale yangezuia mawimbi na kumchoma ngozi, kwa hiyo hawezi kuendelea naye. Nafasi ikaenda kwa mtoto mwingine. Alipouliza nani alimchanja, mkeo Lorraine aliapa hajui. Ukamkumbuka mama mkwe wako wa Malakisi na miti shamba yake, ukasema umeshajua. Wiki haikuisha ukawa umemrudisha Lorraine kwao.

Nilikuwepo, Kizito. Nilisimama pale nimeshika kofia ya mtoto, nikanyamaza.

Ni mimi. Krismasi mliponiachia Emmy, kifafa kilimshika mara tatu kwa siku moja. Nilimpeleka kwa mzee mmoja wa Kiminini, akamchanja na kumpaka dawa, na miguu nilimshika mimi mwenyewe. Nilitaka apone. Nywele zilipofunika nikaona limekwisha. Mimi mama wa kanisa, ninayewakemea wenzangu kwa waganga, ningesemaje? Nikamwacha Lorraine aibebe aibu yangu, na naona haya kuandika jina lake.

Mfuate Malakisi leo. Usingoje kumaliza hasira yako kwangu. Hiyo nitaipokea ukija. Daktari alisema huenda Desemba itamkuta Emmy hatambui sura ya mtu. Mama yake amfikie angali anamjua.

Wasalimie wote nyumbani, hata watakaozikataa salamu zangu.

Dada yako,
Wilkista