Chujio la moshi limemgeukia Felista

Eva, Felista wetu kasingiziwa mchana kweupe!

Lile gari la zimamoto analoosha pale yadi, wiki nzima linawasha taa ya chujio la moshi. Taa hiyo ikiwaka, linatakiwa liachwe linaunguruma nusu saa, masizi yaliyonasa kwenye chujio yaungue. Dereva Osward kila mara analizima, eti joto la injini linamkatiza usingizi humo ndani!

Felista kamwambia, "Kaka, chujio litaziba." Kajibiwa, "Darasa la saba unifundishe gari?" Darasa la saba, Eva!

Leo ghala la mahindi linaungua kule Mpemba, gari likaishiwa nguvu kilimani. Ghala limekwisha!

Osward kwa bosi: "Felista kaingiza maji kwenye bomba la moshi."

Bosi naye: "Felista, andika maelezo, la sivyo kazi huna."

Felista kamkazia macho Osward. "Naandika, bosi. Kalizima mara nne, siku na saa zake ninazo."