Gari la Viti Viwili

Somo yangu mpendwa, uliyenifunda, na siku ya harusi yangu ukalia kuliko mama yangu,

Pokea busu lenye vumbi la Ikwiriri! Mwenye hoteli ya watalii anahama, anauza magari mawili ya Kiitalia ya kufunguka paa, mitumba yenye mbio: jekundu na la buluu. Yote viti viwili tu. Shabani wangu akaniambia, "Chagua, mpenzi." Nikayeyuka!

Mama mkwe akanitangulia. Akaketi kwenye jekundu, akapakata kapu lake. "Hili linanifaa, mwanangu! Ijumaa utanipeleka Mbwara shambani, Jumapili harusini." Na mimi nikae wapi, somo, kwenye boneti? Ulinifunza mkwe habishiwi, basi nikatabasamu hadi mashavu yakauma.

Akahamia la buluu. Liko chini mno, akazama ukabaki ushungi tu. Kutoka akashindwa. Shabani na muuzaji wakamvuta mikono huku akicheka na kuwatukana. Aliposimama, akajifunga kanga upya, akanikonyeza.

"Chukueni hili," akasema. "Kwenye hili sitaomba lifti."

Mwenyezi Mungu akupe afya, somo, na binti zako awape wakwe kama huyu.

Wako mwenye furaha,
Rehema