Nikiacha, Zimekwenda

Jumatatu, 4 Agosti
Sare nne za shule za kushona, zote za marinda. Kila nikikata uzi natazama simu. Mchezo wa kamari, wa kindege: kinapanda, utoe pesa zako kabla hakijatoweka. Asubuhi nilipata. Adhuhuri sina. Kinachoniuma si kukosa. Nilichelewa kidogo tu. Kidogo tu!

Jumanne, 5 Agosti
Mama Amina, muuza maziwa hapa Garsen, kaniachia pesa za kitambaa cha gauni. Bintiye anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo. Ananiamini tangu najifunza kushona.
Nimezicheza zote. Sikutaka utajiri. Nilitaka zangu za jana zirudi, kisha niache.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimeuza cherehani ili ninunue kitambaa. Mume wangu Komora nimemwambia iko kwa fundi. Hakuuliza. Akanimenyea ndizi. Najichukia.

Ijumaa, 8 Agosti
Nilikuwa naenda dukani. Wallahi. Nikaketi barazani, nikasema mara moja tu. Za cherehani zimekwisha.
Leo nimejielewa, na nimeogopa. Nikiwa bado nacheza, pesa ziko njiani zinarudi. Nikiacha, zimekwenda. Ndiyo maana siachi.

Jumapili, 10 Agosti
Komora amerudi kutoka shambani, kijijini Wema, matope mpaka magotini. Nikamwambia yote hata hajanawa. Nilitaka anitukane.
"Tangu lini unabeba haya peke yako?" akauliza.
Nililia mpaka kwikwi. Simu nimempa mwenyewe, akae nayo.

Jumatatu, 11 Agosti
Tumekwenda kwa Mama Amina. Komora alitaka kunisemea, nikamzuia. Nikasema nikitazama miguu yangu.
"Nina hasira nawe, mwanangu," alisema. "Hasira kwelikweli."
Akafunika maziwa yake. Kisha:
"Harusi ni Jumamosi. Kitambaa nitatafuta mimi, tutalipana baadaye. Utashona kwa mkono. Na mimi nitakaa hapo hapo."

Alhamisi, 14 Agosti
Siku ya tatu ya sindano. Mama Amina pindo, mimi mabega. Hasira bado anayo, lakini chai ananimiminia kwanza mimi. Vidole vinaniuma.
Wazo halikomi: mara moja tu, nipate, nimlipe Mama Amina, ninunue cherehani. Linakuja na sauti nzuri, kama ya mtu mwema. Leo nimemwambia. Hakushtuka. Alinisogezea uzi.
"Shona."

Jumapili, 17 Agosti
Amina aliolewa jana. Gauni lilimkaa vizuri. Bega la kushoto limepinda kidogo, naona mimi tu. Mama Amina alinishika mkono mbele ya wageni, hakuuachia upesi.
Cherehani haitarudi. Nimeweza kuliandika hilo.
Sijapona. Asubuhi niliiwaza simu kabla sijafumbua macho vizuri.
Mchana sasa. Komora kalala mkekani, mdomo wazi, amechoka na shamba. Inzi wanamsumbua miguuni. Nimemfunika kwa leso yangu, nimekaa karibu naye.